Maembe ya Mwezi wa Nane

Nderitu alikuwa na umri wa miaka kumi na sita, na mke wa miaka sabini na nane.

Usishtuke. Kwao Ruring'u, pembeni mwa mji wa Nyeri, kama kwa Wakikuyu wengine popote walipo, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na akishapewa jina amepewa mke pia. Babu alikuwa amekufa miaka mitatu kabla mjukuu hajazaliwa. Kwa hiyo mtoto alipoletwa nyumbani amefungwa shali, nyanya yake, Cucu Wachuka, alipiga vigelegele vitano vya mtoto wa kiume, akamfunua uso, akasema, "Umerudi? Na vile umechelewa!" Tangu siku hiyo akamwita mzee wangu. Shangazi yake, Tata Monicah, mwalimu wa kwaya ya kanisa asiyeogopa askofu wala mbwa, alimwita baba, kwa kuwa jina lilikuwa la babake. Alimwita hivyo hata siku za kumchapa. "Baba, umemwaga maziwa tena. Inama."

Wazazi wake walikuwa na duka Nanyuki, naye aliishi na wanawake hao wawili ili asome shule ya kutwa hapo mjini. Cheo cha mzee wa nyumba alikipenda. Kilikuja na kiti chenye mito, kikombe kikubwa cha chai na kipande cha kwanza cha nyama, wala hakikuwa na kazi yoyote. Kazi ilikuja mwaka huu, mwezi wa nane, shule zikiwa zimefungwa.

Cucu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwa miaka mitano alikuwa akiona ulimwengu kama unavyoonekana Nyeri asubuhi za baridi, ukungu na vivuli. Watu aliwajua kwa hatua zao. Hospitali ikampa siku ya kupasuliwa jicho la kwanza, Alhamisi ya mwisho ya mwezi, kisha daktari akauliza swali moja.

"Cucu, unanusa ugoro?"

"Kidogo tu," akasema Cucu, aliyenusa ugoro tangu alipomwachisha Monicah ziwa. Chafya zake zilijulikana kanisa zima. Mhubiri alikuwa amejifunza kuzisubiri ziishe.

Daktari akaeleza kwamba chafya moja kubwa baada ya upasuaji inaweza kufungua kidonda, na jicho likapotea kabisa. Aache ugoro wiki tatu kabla. Asipoacha, nafasi itapewa mwingine, na foleni ni ndefu mpaka mwaka ujao.

Tata Monicah alijaribu kumwachisha kwa maombi, kwa ukali na kwa kuficha kikopo. Cucu alikipata mara zote, kipofu vile vile. Ndipo Monicah akakumbuka kwamba kuna mtu mmoja tu duniani ambaye mamake hakuwahi kumkatalia neno: mzee Nderitu. Na mzee Nderitu si alikuwa pale sebuleni, anakula mandazi?

Jumamosi, baada ya chai, akamkalisha kwenye kile kiti. "Baba, mkataze mke wako."

Sasa, ili ujue ni mtu wa aina gani aliyepewa kazi hiyo, ni lazima nikuonyeshe soksi yake ya kushoto. Humo ndani kulikuwa na vape, sigara ya umeme, kidude chembamba cha rangi ya machungwa, ladha ya embe. Alianza nayo kidato cha pili, nyuma ya jukwaa la uwanja wa Ruring'u, siku ambayo rafiki yake Kim alimpa avute kidogo naye akaona aibu kusema hapana. Sasa kitu cha kwanza alichogusa akiamka kilikuwa hicho, kabla ya kugusa macho. Shuleni alikuwa katibu wa chama cha kupinga dawa za kulevya. Mgeni alipokuja na picha za mapafu, ni Nderitu aliyetoa neno la shukrani, kisha yeye na Kim wakaenda nyuma ya vyoo kuyajadili yale mapafu wakivuta.

Si kwamba hakujaribu kuacha. Pasaka aliitupa vape yake kwenye shamba la napia, majani ya ng'ombe, la jirani yao Murugi, kwa uamuzi wa kiume kabisa. Baada ya dakika ishirini alikuwa amepiga magoti ndani ya napia, mvua ikimnyeshea, akipapasa. Murugi alipotokea na kumuuliza anatafuta nini, alisema anatafuta yai. Mama wa watu akamsaidia kutafuta nusu saa nzima.

Huyo ndiye aliyekohoa kidogo, akaweka mikono juu ya magoti kama mzee, akaanza kumhubiria nyanya yake. Alimwambia mwili ni hekalu. Alimwambia habari za mishipa, maneno yale yale ya yule mgeni wa mapafu. Na alipoona yanaingia, akapandwa na utamu wa sauti yake mwenyewe, akasema, "Cucu, kama ukiamka kitu ya kwanza unatafuta ni hiyo kikopo, basi hiyo kikopo ndio mzee wa hii nyumba. Si mimi."

Tata Monicah alimtazama kwa mshangao. Hata yeye mwenyewe alijishangaa. Lilikuwa neno zuri mno, na hakujua limetoka wapi, kwa kuwa hakika halikutoka kwenye maisha yake.

Cucu alifungua kifungo cha juu. Kisha akaingiza mkono ndani ya blauzi, akatoa kikopo cha bati kilichosuguliwa na vidole mpaka kikang'aa, akanyoosha mkono mahali alipojua mjukuu wake amekaa. "Sawa, mzee wangu. Umesema."

Nderitu akakipokea, akainama kujikuna kifundo cha mguu. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia yake ya kuhakikisha soksi bado ina mali.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kwa Cucu. Aliumwa kichwa. Aliigombeza redio. Alikaa jikoni na vidole viwili vimebanana, vinasugua hewa. Lakini kila jioni, chai ikishamiminwa vikombeni, alimgeukia Nderitu bila kuulizwa na kutoa ripoti: "Mzee wangu, leo sijanusa." Jumatano hakusema hivyo. Alianza kulia kabla chai haijapoa. Alikuwa amepita kwa Murugi, na Murugi akamkaribisha ugoro kama watu wenye adabu wanavyokaribishana, naye akachukua chembe moja. "Nimekukosea. Kama unanikataza hata kupita huko, sitapita."

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kamili, kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Nderitu akamsamehe. Alimsamehe kwa upole na heshima, akamshika bega, kisha akaenda kukaa kwenye kochi lililomwelekea, hatua mbili kutoka kwake, akatoa vape na kuvuta.

Naam, mbele yake. Hilo ndilo jambo alilolionea haya baadaye kuliko yote, kuliko uongo na kuliko yai. Nje kulikuwa na baridi ya kutoboa, Tata Monicah alikuwa kwenye kwaya, na mwanamke yule hakuona. Cucu aligeuza uso kuelekea ule mvuke, akauliza kama chai bado iko moto. "Iko moto," akasema mzee wa nyumba.

Lakini asiyeona ana pua, na pua ya Cucu ilikuwa imelala chini ya ugoro kwa karibu miaka hamsini. Wiki ya pili ikaamka. Mara ya kwanza aliamka nayo asubuhi akauliza nani amebadilisha sabuni. Akasikia harufu ya mvua kabla haijafika. Alijua maziwa yanataka kuungua yakiwa bado kwa jirani. Alifurahi kama mtu aliyepata ng'ombe aliyepotea, akawa anazunguka nyumba akinusa mapazia na kucheka peke yake. Kisha Jumatatu, siku kumi kabla ya upasuaji, akasimama katikati ya sebule, akainua kidevu.

"Hapa kunanuka embe."

Nyeri, mwezi wa nane. Embe haioti kwa baridi hiyo, na huko inakoota msimu ulikuwa bado. Nderitu akasema labda ni mafuta ya kujipaka. Cucu alinusa tena. Alifuata harufu kwa mkono ukutani mpaka chumbani kwa Nderitu, akapapasa chini ya kitanda, ndani ya viatu, nyuma ya pazia. Alipokosa kitu akatoka, akaketi, akafunga leso kichwani vizuri, akamwita binti yake.

"Monicah, baba yako anakula maembe kwa kujificha."

Mtu asiyetoka huko hawezi kujua uzito wa shtaka hilo. Mwanamume anaweza kuwa mlevi, mvivu, hata mwongo kidogo, na bado akasemewa neno zuri siku ya mazishi. Anayekula kitu kitamu peke yake huku mkewe yuko nyumba hiyo hiyo, huyo hata majirani humwimba. Murugi, aliyekuwa amekuja kuomba chumvi, akakaa.

"Mimi nimempatia yangu yote," Cucu akasema. "Kikopo ya miaka hamsini, nimemwekea kwa mkono. Na yeye yuko na tamu yake anakula na mlango umefungwa. Nderitu mwenyewe hangefanya hivyo. Alikuwa anarudi na chungwa moja kutoka Kiriaini, na tunagawa. Huyu si mzee. Rudisha kikopo yangu."

"Mami, na macho?" Tata Monicah akalia.

"Macho ya kuona nini? Mtu mchoyo?"

Nderitu alishtakiwa kwa maembe, na akafanya alichoweza kukifanya mtu wa hadhi yake: akakiri kosa ambalo hakulifanya. Ndiyo, alisema, alikula maembe. Mawili. Tamaa ilimshinda. Akaomba siku mbili alete mengine. Cucu akakubali, kwa sharti kwamba kikopo kikae mezani wakati wote huo, mahali anapoweza kukifikia.

Siku mbili hizo Nderitu aliwinda maembe kama anayewinda dawa. Aliuliza Ruring'u, akauliza sokoni mjini, wakamcheka. Mwishowe mamake Kim, mwenye kibanda sokoni, aliyeletewa matunda kutoka Kagio, akapata mawili chini ya kreti la parachichi, yametoka mbali, yamesinyaa kama magoti. Nderitu akayaleta Jumatano kwa mikono miwili. Cucu akalimenya moja kwa kisu, polepole, akanusa ganda. Akala. Akatoa kokwa, akalinyonya mpaka likabaki na ndevu, akaliweka kwenye sahani.

"Hii ni embe," akasema. "Sasa ile ingine ni nini? Ile haina kokwa."

Mkono wake ukaanza kutambaa juu ya meza kuelekea kikopo. Tata Monicah alikuwa amefumba macho, nadhani anaomba. Nderitu akaona kwamba zimebaki siku nane, na kwamba angeweza kudanganya tena, kwani uongo hakuwahi kuukosa, ila huyu mama angenusa ugoro na kukaa gizani mwaka mwingine kwa sababu ya kitu kilichomo ndani ya soksi. Akainama. Safari hii hakujikuna. Akatoa vape, akaiweka chini ya ule mkono kabla haujafika.

"Cucu, ni hii. Ni kama ugoro. Ugoro ya siku hizi."

Cucu akaipapasa huku na huku. Akaisogeza puani. Uso wake ukabadilika. Tata Monicah akavua kandambili moja tayari kwa kazi, lakini Cucu akanyoosha kidole kumzuia.

"Unavuta tangu lini?"

"Kidato cha pili."

"Ukiamka, kitu ya kwanza unatafuta ni hii?"

Nderitu alijua inakoelekea. Angelipa chochote asiwe ndiye aliyelisema neno lile. "Ndiyo, Cucu."

"Basi hii ndio mzee wa hii nyumba," akasema Cucu. "Monicah, mpee kiti chake." Akaiweka ile vape juu ya kiti chenye mito, na Nderitu akaenda kukaa kwenye kigoda cha jikoni. Watu wa shule walikuwa wamemwonyesha mapafu meusi, na hakuona haya. Sasa aliona haya mpaka masikio yakawaka.

Hukumu ilikuwa rahisi. Yeye aendelee kuweka kikopo cha Cucu, na Cucu aweke vape ndani ya blauzi. Jioni, kwenye chai, kila mtu atoe ripoti. Kandambili ya Tata Monicah ibaki mguuni, kwa muda.

Alhamisi Nderitu akaripoti vizuri, kwa sauti ya mtu aliyeokoka. Ijumaa aliumwa kichwa, akaigombeza redio ile ile, akamchukia kuku, akaenda uwanjani kupunga hewa. Kim alikuwa nyuma ya jukwaa. Sitaki kurefusha. Alivuta mara tatu, na njiani kurudi akatafuna majani ya mnanaa mpaka ulimi ukafa ganzi. Alikuwa amesahau kabisa ni pua gani inamngoja.

Cucu hakuuliza. Alisubiri chai imiminwe, akasema, "Leo sijanusa." Kisha akamgeukia Nderitu, kwa kuwa zamu ilikuwa yake.

"Leo sijavuta," akasema Nderitu.

"Lete kikopo."

Alikileta kwa sababu alizoea kumtii, ingawa kwa cheo ilipaswa kuwa kinyume. Cucu akafungua. Akachukua chembe kati ya vidole viwili, bila haraka, kama mtu aliyerudi kwao. "Kama wewe umerudi, hata mimi narudi. Sisi ni bwana na bibi. Hatuachani njiani."

"Cucu, Alhamisi! Watapea mtu mwingine nafasi yako!"

"Watapea."

Vidole vikapanda. Vikapita kidevu. Na hapo Nderitu, katibu wa chama, mume wa watu, alipiga magoti sakafuni na kulia kwa sauti, kamasi na yote, akiushika ule mkono kwa mikono yake miwili. Kikohozi cha asubuhi hakikuwahi kumtisha. Kukosa pumzi kwenye kilima cha kwenda shuleni alikuwa amekuzoea. Lakini vidole viwili vya mwanamke mzee vikiwa vimeshika giza la mwaka mzima, na ni yeye aliyeviinua, hilo hakuliweza. "Nimevuta," akasema. "Nimevuta mara tatu, na nimekudanganya. Usinuse. Tafadhali, Cucu. Sitaki ukose kuona."

"Usiape," Cucu akasema, kwa sababu alimsikia anataka kuapa. "Watu wa ugoro wanaapa sana. Kesho utaniambia ya kesho." Akarudisha chembe kikoponi, yote, akapangusa vidole kwenye ukingo ili isipotee hata moja. Hakuwa mtu wa kumwaga ugoro.

Nderitu hakupita uwanjani tena wiki hiyo. Kim alimpigia simu, akaambiwa ana mgonjwa nyumbani, na kwa namna fulani haikuwa uongo. Jumapili hali yake ilikuwa mbaya kiasi kwamba Cucu alimwekea mkono kisogoni na kumwambia siku ya nne ndiyo mbaya zaidi, yeye aliipita. Ilikuwa siku yake ya pili. Siku ya nne ilipofika akaona kwamba hakutaniwa.

Alhamisi wakampasua Cucu. Hakupiga chafya. Ijumaa asubuhi muuguzi alibandua bandeji, na Cucu akapepesa lile jicho moja, jekundu, likitoa machozi. Alitazama dirisha. Alitazama mikono yake mwenyewe akaigeuza. Akamtazama Tata Monicah, akasema, "Umenona." Kisha akamfikia Nderitu, aliyekuwa amechana nywele na kusimama wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Maisha yake yote aliambiwa kwamba yeye ni babu mtupu, pua kwa pua.

Cucu alimkagua kutoka juu mpaka chini.

"Kumbe umekua hufanani na yeye hata kidogo," akasema. "Hiyo pua ni ya kwa kina mamako."

Tata Monicah akacheka mpaka muuguzi akageuka. Nderitu hakucheka. Alihisi cheo, kiti, kikombe kikubwa na kipande cha kwanza cha nyama vikimtoka kwa pamoja. Kama hakuwa babu, basi ni nani aliyemkataza huyu mama ugoro, na ni nini kingemzuia leo kuomba kikopo chake? Kilikuwa mfukoni mwa jaketi. Kilikuwa kizito.

"Wewe ni siku ngapi?" Cucu akauliza.

"Saba."

"Mimi ishirini na tatu." Akaridhika sana na hesabu hiyo. "Endelea kuniwekea. Sikukupea kwa sababu ya pua."

Waliposhuka ngazi za hospitali, Tata Monicah akiwa mbele na karatasi za dawa, Nderitu alisikia ile njaa ya kuvuta ikimjia, ile ya furaha, ambayo hakuna aliyemwambia kwamba ni kali kuliko ile ya huzuni. Bila kufikiri akainama kujikuna kifundo. Soksi ilikuwa tupu.

"Hiyo mguu bado inakuwasha?" Cucu alikuwa amesimama, jicho lake moja limemkazia. "Usisimame haraka, nataka kuona vizuri. Miaka yote nilikuwa nasikia tu ukiinama."

Nderitu akasimama, uso unamwaka. Cucu akanyoosha mkono.

"Lete huo unakuna nao."

Akaushika, akaufungia ndani ya kiganja chake kikavu, na hawakuachana. Walivuka barabara hivyo, wakapita soko lote hivyo, kijana wa kidato cha tatu anaongozwa na nyanya yake mchana kweupe. Mbele ya kibanda cha mamake alikuwa Kim, mdomo wazi, na kando yake wasichana wawili wa darasani kwao. Nderitu aliona haya kama hajawahi kuona. Angeweza kuutoa mkono kwa kuvuta kidogo tu. Cucu alikuwa mzee na hakuwa na nguvu. Akawasalimia kwa mkono mwingine.